Chifu Aliyefungua Saa za Watu

Chifu wetu wa Matiliku alistaafu akiwa na afya njema, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kama angestaafu na mgongo mbovu kama wenzake, angekaa nyumbani akilalamika na soko lote lingepumua. Yeye alirudisha kofia na kifimbo cha serikali, akakaa kwa muda akingoja watu waje kumwomba ushauri, na alipoona hawaji akaamua kwamba atakuwa anatengeneza saa.

Mkewe alimwambia mama yangu kwamba wazo lilitoka kwenye simu. Chifu aliona video ya mzungu fulani mwenye ndevu akifungua saa ya zamani, akiisafisha na kuifunga tena, na akaitazama mara nyingi huku akitingisha kichwa kama mtu anayehesabu makosa ya mwenzake. "Hii ni kazi ndogo," akasema. Kwake kazi zote za watu wengine zilikuwa ndogo. Ualimu ulikuwa kazi ndogo, uuguzi ulikuwa kazi ndogo, na kulima katika ardhi yetu isiyojua mvua kulikuwa uvivu tu wa watu kutoamka mapema.

Alienda Nairobi akarudi na pakiti ya bisibisi ndogo, kibano, na lenzi nyeusi ya kubana jichoni. Ile lenzi aliivaa hadi sokoni. Nilimwona mwenyewe akichagua nyanya nayo ikiwa imeinuliwa juu ya paji la uso, akingoja mtu amuulize ni ya nini. Mwenye nyanya hakumuuliza. Akamwambia bila kuulizwa.

Saa alizipataje? Alizichukua. Siwezi kusema aliiba, kwa sababu kila mtu alimpa kwa mkono wake. Alikuwa na namna ya kukunyooshea kiganja na kusema, "Leta nione," ile sauti aliyokuwa akitumia ofisini kuomba kitambulisho, na kabla hujafikiria mkanda ulikuwa umeshafunguka. Miaka yote ile tulikuwa tumezoea kwamba chifu akinyoosha mkono unaweka kitu. Alistaafu yeye, sisi hatukustaafu. Mwenye duka la mbegu alitoa saa yake, katekista akatoa yake, na mzee mmoja wa Mulala aliyekuja tu kuuza mbuzi akarudi kwao bila kujua jua limefika wapi.

Meza yake ya kazi ilikuwa meza ya kulia chakula, yenye kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mkewe alikuwa amekifuma mwenyewe. Mtu yeyote angeona kwamba kitambaa chenye matundu hakifai kuwekewa skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi. Chifu hakuona. Skrubu zikazama matunduni, nyingine zikaangukia sakafuni, na mkewe akakatazwa kufagia. Mama yule, aliyekuwa akipenda nyumba yake kuliko kitu kingine, akaishi na vumbi hadi siku chifu atakapopata nafasi ya kulipitia kwa sumaku. Nafasi haikupatikana. Vifuniko vya nyuma alivibandua kwa kisu cha kukatia mboga. Ndani aliosha kwa mafuta ya taa, kisha akatia mafuta ya cherehani, mengi, hadi yakatokeza chini ya kioo kama jasho.

Saa ikikataa kutembea baada ya kufanyiwa hayo yote, hakusema ameshindwa. Alisema, "Hii ni kaidi." Alikuwa akisema hivyo hivyo juu ya watu. Nakumbuka baraza moja alipomsimamisha mwanamke mjane aliyekuwa akigombana na shemeji zake juu ya shamba, akamwambia mbele ya watu kwamba yeye hana shida ya shamba, ana shida ya ukaidi. Sasa nilimsikia akiiambia saa ya katekista maneno yale yale, kwa sauti ile ile, huku akiichokora kwa ncha ya bisibisi. Msemo wake mwingine ulikuwa kwamba saa ni kama lokesheni, yaani eneo la chifu: kila mtu akikaa pahali pake inatembea. Alipenda sana kusema hivyo mezani pake, na vipande vya saa tatu tofauti vikiwa vimechanganyika mbele yake katika sahani ya chai.

Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali kwa wakati maisha yake yote. Baraza la asubuhi lilianza mchana. Wazee walikaa juani hadi wengine wakasinzia, halafu gari lake likaingia, naye akashuka akitazama mkono wake na kutuuliza kwa nini hatujatulia. Mtu wa namna hiyo kujifanya daktari wa saa!

Ili nisionekane namsingizia, niseme na mengine. Viatu vyake alivipiga rangi mwenyewe, hakumpa mtu. Mahindi ya msaada yalipokuja wakati wa ukame aliyagawa sawa, na nduguye mwenyewe alisimama kwenye foleni. Na mwaka wa mvua kubwa, mto ulipofurika kati ya zahanati na barabara ya kwenda mji wa Wote, alimpakia mama yangu kwenye pikapu yake pamoja na mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa uliokwama. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, watu wote wakimwita Sista. Walipofika mtoni chifu alishuka akaingia majini na suruali yake ya khaki iliyopigwa pasi, akipima kina kwa kile kifimbo, akamwonyesha dereva pa kupita. Walifika hospitali, mtoto akazaliwa hai. Mama hakulisahau jambo hilo kamwe.

Chifu pia hakulisahau. Alilisimulia katika kila baraza hadi yule mtoto akamaliza sekondari. "Wewe! Simama watu wakuone," alikuwa akimwambia. "Bila mimi ungekuwa wapi?" Na kijana wa watu anasimama, anainamisha kichwa, anangoja makofi yaishe. Hata wema wake aliufanya deni.

Sasa nifike kwenye saa ya mama.

Ilikuwa saa ya kuzungushwa kwa kidole kila asubuhi, ndogo, uso mweupe, yenye mshale mwembamba mwekundu wa sekunde. Aliinunua alipoanza kazi. Kwa mshale ule alihesabu mapigo ya moyo ya nusu ya watu wa Matiliku na pumzi za watoto wao. Hata baada ya kustaafu, akina mama waliendelea kumletea watoto wenye homa kabla ya kwenda popote. Anamlaza mtoto mapajani, anainua fulana, anatazama kifua na saa, kifua na saa, kisha anasema, "Huyu ni mafua tu, mpe maji," au, "Huyu mpeleke sasa hivi." Nadhani ndicho kilichomfanya aamke na kuvaa vizuri kila siku.

Saa ilikuwa imeanza kuchelewa. Si sana. Ilihitaji tu kusafishwa na mtu anayejua kazi. Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje wakisalimiana, chifu alimjia mama na ile lenzi yake.

"Sista, nasikia saa yako inachelewa."

"Kidogo tu, Chifu. Nimeizoea."

"Leta nione."

Nilikuwa pale. Nilikuwa nimetoka Kwa Vonza, mji wa upande wa Kitui, ninakofanya kazi ya maabara katika shule ya sekondari, kuja kumwona mama wikendi. Nilimgusa kiwiko asifanye hivyo. Mama alinitazama, akamtazama mchungaji na wazee wa kanisa waliokuwa wakingoja, akafungua mkanda. Ngozi ya chini yake ilikuwa na alama nyeupe, kama ya mtu aliyetolewa bendeji.

Nilipomuuliza nyumbani kwa nini amempa, alisema, "Ningemwambiaje hapana? Aliingia mtoni."

Wiki zikapita. Kila mama alipokutana naye, chifu alisema bado anaichunguza. Kisha siku moja mkewe akaja kwetu kwa mlango wa nyuma, ameshika kopo la siagi na bakuli lililofunikwa. Ndani ya kopo kulikuwa na saa ya mama, kifuniko kimelegea, kioo kina mafuta. Ndani ya bakuli kulikuwa na paja la kuku.

"Mwaitu, sijui nikuambie nini," akamwambia mama, akimwita kwa heshima ya mama mkubwa ingawa umri wao ulilingana. Ndipo akaeleza. Chifu aliifungua saa hadi kipande cha mwisho. Lile gurudumu dogo linalopepea kwenda na kurudi, ambalo mafundi wanaliita balansi, likaruka kutoka kwenye kibano. Alilitafuta asubuhi nzima. Alipochoka akaamua kwamba limemezwa na kuku mweupe aliyekuwa akipita pita mlangoni. Kuku akachinjwa. Chifu akapasua firigisi mwenyewe, na lenzi jichoni, akatoa changarawe na mahindi. Balansi haikuwamo. Kwa kuwa kuku alikuwa amekwisha kufa, wakampika, na chifu akaagiza Sista apelekewe paja kwa sababu ya usumbufu.

Mama alilipokea paja. Akashukuru. Mimi nilitoka, nikavuka soko hadi kwa chifu, nikamkuta kwenye veranda ya nyumba yake amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, anakunywa chai.

"Msichana wa Sista! Karibu."

"Chifu, saa ya mama ilikuwa inatembea."

"Ilikuwa imechoka."

"Ilikuwa inatembea. Ulipoichukua ilikuwa inatembea."

"Ilikuwa inatembea vibaya," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea. "Saa inayodanganya ni mbaya kuliko saa iliyosimama. Mimi nimeisimamisha isiendelee kudanganya watu."

Nilimtazama kuona kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Akapuliza chai yake, akanywa.

"Na kuku?" nikauliza.

"Kuku yule alikuwa na tabia mbaya hata kabla ya hapo."

Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama kwamba nitaenda kwa chifu mpya, kwa kanisa, kwa yeyote yule. Mama alikuwa anafuta mafuta kwenye kioo cha saa kwa ncha ya kanga. "Nilimpa mwenyewe," akasema. "Hakuninyang'anya." Hilo ndilo lililonifanya nimdharau mtu yule kuliko lingine lolote. Aliweza kukuvua kitu, akakuacha ukijitetea kwa niaba yake.

Mama akaanza kuhesabia kwa simu. Alasiri moja aliletewa mtoto mchanga anayepumua haraka haraka, naye yuko katikati ya kuhesabu kioo kikazima. Akagusa, kikawaka, akapoteza hesabu, akaanza upya, kikazima tena. Mama wa mtoto akaanza kulia, akidhani kusita kwake kuna maana mbaya. Mwishowe mama akawaambia wampandishe pikipiki waende zahanati bila kungoja. Mtoto alipona. Lakini nilipopiga simu jioni ile sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Nimeshindwa kuhesabu," akaniambia. "Miaka yote hii, halafu nimeshindwa kuhesabu." Tangu hapo mtu akimletea mtoto anamwambia kutoka mlangoni aende zahanati. Wakazoea. Sasa hawapiti kwake tena.

Kwa hiyo mimi nikaanza kujifunza saa. Sikuanza kwa mapenzi. Nilianza kwa hasira, Kwa Vonza, katika chumba changu cha nyumba ya walimu. Nilitazama video kama alizotazama yeye, na jambo la kwanza kabisa ambalo kila fundi anamwambia mgeni ni hili: usianze na saa inayotembea, na usianze na saa ya mtu. Tafuta iliyokufa, isiyo na mwenyewe anayeilia. Hiyo ifungue, ifunge, ifungue tena, hadi mkono ushike adabu. Linasemwa mwanzoni, kabla ya kitu kingine chochote. Chifu alilisikia. Alilisikia akaona haliwahusu watu kama yeye.

Nilienda soko la Kitui, kwa mzee mmoja anayeuza betri na mikanda, akanipa mfuko wa saa zilizokufa. Nikaweka sinia jeupe lenye kingo ili kitu kikiruka kisifike mbali. Kila skrubu niliyoitoa niliipiga picha kwanza. Kazi ya maabara ilikuwa imenipa mikono iliyotulia, lakini haikutosha. Springi ya kwanza niliyoigusa, nyembamba kama unywele, niliikunja bila hata kuhisi nimeigusa. Ya pili iliruka sikuiona tena. Mwalimu wa hesabu wa nyumba ya pili aliniuliza kama sasa nitamwonea chifu huruma, kwa kuwa nimeona kazi ilivyo ngumu. Nilimwambia la. Ugumu wake ndio ulinizidishia hasira. Mtu akigusa kitu kigumu hivi mara ya kwanza anajua papo hapo kwamba hajui. Vidole vyenyewe vinamwambia. Chifu aliambiwa na vidole vyake siku ya kwanza kabisa, na bado Jumapili akaenda kanisani kunyoosha kiganja.

Siku saa yangu ya kwanza ilipopepea, saa ya kiume ya bei rahisi isiyo na kioo, nilipiga kelele peke yangu chumbani. Hakukuwa na wa kumwonyesha. Ya mama bado ninaitafutia balansi inayolingana.

Mkewe chifu alifariki. Nilienda mazishi kwa ajili yake, nikaondoka kabla ya chakula. Baadaye nikasikia chifu amechukuliwa na binti yake anayeuza sare za shule Malili, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Sikuuliza zaidi.

Mwaka huu nilikwenda Malili kwa mkutano wa harusi ya mwenzangu wa kazi. Mkutano ulipoisha nikatembea kwenda stendi, na kwenye veranda ya duka la sare, kati ya sweta za kijani zilizotundikwa, nikamwona. Amekonda. Shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Mbele yake meza ndogo, na juu ya meza sinia jeupe lenye kingo. Viatu vinang'aa.

Mwanamke mmoja aliyebeba karai la viazi alitaka kupita. "Mzee, sogeza hiyo meza." Hata hakumwangalia. Nikangoja kusikia ataambiwa nini. Chifu aliinua meza kwa mikono miwili, polepole ili sinia lisitikisike, akaisogeza ukutani, na mwanamke akapita.

Nikakaribia. Sijui kwa nini nilikaribia. Alikuwa na saa kuukuu isiyo na mkanda, iliyoliwa na kutu, ambayo hakuna mtu angeililia. Hakuinua kichwa. Kibano kilitetemeka kikielekea sinia, kisha kikatulia kilipogusa, na nikatambua alichokuwa anafanya kwa kuwa mimi mwenyewe nimelia juu ya kazi hiyo: alikuwa anarudisha balansi. Aliiteremsha, haikukaa. Akaiinua. Akangoja, akivuta pumzi puani. Akaiteremsha tena, akaizungusha kidogo tu, na ikakaa. Ikapepea. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila kusita.

Akatoa lenzi jichoni, akatazama huku na huku. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao. Malori yalikuwa yananguruma. Macho yake yakanifikia mimi, mwanamke fulani aliyesimama, mgeni kwake.

"Umeona?" akauliza.

Ningeweza kusema sijaona kitu. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Lakini ilikuwa imekaa sawa, na katika veranda ile nzima ni mimi tu ningejua.

"Nimeona," nikasema. "Imekaa vizuri."

Uso wake ukafunguka kama wa mtoto. Kisha, kabla sijamaliza hata kujishangaa kwa kusema vile, akatazama mkono wangu, akaniona nina saa, na kiganja kikaja.

"Na hiyo yako? Leta nione."

"Hapana, Chifu."

Kiganja kikabaki hewani. Nadhani lilikuwa lile neno la pili lililomgonga, kwa sababu Malili hakuna anayemwita hivyo. Akanitazama vizuri, macho, pua, paji la uso, akimtafuta mtu mwingine usoni mwangu.

"Wewe ni wa Sista," akasema.

"Ndiyo."

"Yuko?"

"Yuko."

"Bado anaangalia watoto?"

"Aliacha."

Hakuuliza kwa nini. Kondakta alikuwa anaita watu wa Machakos na Kitui, na nafasi zilikuwa chache. Chifu akarudisha mkono wake mezani, akarudisha lenzi jichoni, akashika kibano na kuiinamia ile saa, ingawa ilikuwa inatembea na hakuna kitu kilichobaki cha kufanya. Sikumuaga. Nilipanda gari nikakaa dirishani, na hadi lilipojaa na kuondoka alikuwa bado ameinama vile vile, kibano kikiwa juu ya saa, hakigusi kitu.